Mimi, Wifi Yangu na Memori ya Mlango

Kuna mtu nilikuwa sitaki kukaa naye hata kwenye foleni moja. Siku moja mlango ukatufungia chumba kimoja, sisi wawili tu, bila simu, kwenye baridi ya kugandisha mafuta ya kula.

Mlango huo hakuna aliyeugusa.

Lakini aliyeufunga ni mimi.

Tulia nikupe kisa chote, maana ukikisikia nusu utanionea huruma, na huruma hiyo sina haki nayo.

Mimi ni fundi wa seva. Nashinda na makompyuta makubwa ambayo hakuna anayejua kama yapo, ila yakizima tu simu zinaanza kulia. Mtu anakata tiketi ya basi akiwa kitandani, mwingine anaingia duka la dawa, dada wa kaunta anaangalia kama dawa ipo. Vyote hivyo vinapita kwetu.

Na huyo mtu niliyekuwa sitaki kumuona ni wifi yangu. Mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wao.

Kinachouma zaidi, kazi nilimtafutia mimi mwenyewe.

Alimaliza masomo akakaa nyumbani. Mama mkwe akawa hanipi nafasi ya kupumua: "Mwanangu, huyu mwenzio anaozea hapa. Hakuna nafasi huko kwenu?" Nikaenda kwa bosi nikamwombea. Nikamfundisha kila kitu, mpaka namna ya kukunja nyaya zisivunjike kwa ndani.

Mwaka haujaisha, bosi anamwita Umeme.

"Mwiteni Umeme aangalie hii." "Umeme amesemaje?" Mimi niliyemleta nimekaa hapo hapo, nimegeuka feni ya dari, nazunguka tu na hakuna anayeniangalia.

Na Jumapili tukienda kwa mama mkwe ndiyo kabisa. Viatu sijavua, ananianza.

"Mwenzio ana kichwa yule. Tena akitoka kazini anapita sokoni, anapika, anafua. Sijui wewe mwenzetu unachoka na nini."

Natabasamu. Kijiba cha roho ninacho, lakini nasema, "Kweli mama, ana kichwa."

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana bila hapa hutaelewa mlango.

Seva yetu kubwa ni moja, ila ndani yake kuna kompyuta nyingine ambazo hazishikiki kwa mkono. Tunaziita mashine pepe. Kila moja inajiona iko peke yake duniani, kumbe zote zimepanga nyumba moja. Yangu ilikuwa ya maduka ya dawa. Ya wifi ilikuwa ya tiketi za mabasi. Nyingine zilikuwa ndogo ndogo, na mojawapo ilikuwa ya milango ya ofisi. Ukigusisha kadi mlangoni, hiyo ndiyo inayoamua uingie au ubaki umesimama.

Nyumba hiyo ina mwenyewe, tunamwita kerneli. Ndiye anayegawa memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Chukulia ni meza. Ukipewa pana unatandaza vitu vyako, ukipewa nyembamba unabanana.

Nafasi haiwatoshi wapangaji wote wakiitaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kerneli akiona inapungua, anatuma notisi kwa kila mashine: jamani, kumebana, usiyoitumia irudishe.

Ndani ya kila mashine kuna kiprogramu cha kupokea hizo notisi, sisi mafundi tunakiita puto. Notisi ikiingia, puto linajaa, linakalia ile nafasi iliyolala bure, na nafasi hiyo inarudi kwa kerneli. Naye anampa mwenye shida. Shida ikiisha puto linanywea, unarudishiwa chako. Hakuna anayedhurika.

Ila kama hakuna anayejibu na nafasi imekwisha kabisa, kerneli hana ujanja. Anachagua mashine moja anaizima ili zilizobaki ziishi.

Mfumo mzuri. Ubaya wake ni kwamba unaonekana kwenye skrini.

Pale ofisini tuna skrini ukutani, kila mashine ina mstari wake. Asubuhi watu wanakimbilia tiketi, mashine ya wifi inataka nafasi. Maduka ya dawa asubuhi yametulia. Basi notisi inakuja kwangu, puto langu linajaa, mstari wangu unashuka na wake unapanda. Kila asubuhi hivyo hivyo. Mimi na kikombe changu mkononi naangalia mali yangu inahamia kwa mtoto wa mama mkwe.

Najua unasema ni mashine tu hizo. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini roho ikishaanza kuuma haiulizi cheti.

Ndipo bosi akatuita.

"Nafasi ya mkuu wa mafundi iko wazi," akasema. "Alhamisi wanakuja wateja wetu wawili wakubwa, wa dawa na wa mabasi. Watakaa na mimi chumba cha mikutano, na wafanyakazi wao wote wataingia kwenye mifumo kwa mpigo. Nataka kuona mafundi wawili, na nataka nichague mmoja."

Akatuambia mashine zetu hizo mbili ameziwekea ulinzi kwa siku hiyo. Kerneli azidiwe asizidiwe, haruhusiwi kuzizima.

Tulipotoka, wifi akanishika bega. "Wifi, atakayeshinda atupikie Jumapili."

Yeye alisema hivyo. Mimi nilichosikia ni kwamba ameshashinda na ananionea huruma.

Mchana ule ule nikalizima puto langu. Sikumwambia mtu. Nikaitia mashine yangu pamba masikioni, notisi zikija zisipate wa kuzipokea. Kesho yake asubuhi nikakaa mbele ya skrini kumtazama wifi. Tiketi zikaanza kukimbia, mstari wake ukataka kupanda. Wangu ukakaa pale pale juu, haukushuka hata kidogo.

Nisikufiche, nilisikia raha. Siku zile nilikula nikashiba, nikalala fofofo. Mume wangu akaniuliza kama nimeongezwa mshahara.

Alhamisi ikafika, wageni wakaingia na suti zao, bosi akajifungia nao chumba cha mikutano kule mwisho wa korido. Sisi tukabaki mezani. Mara namuona wifi anainuka, anaelekea chumba cha seva.

Anaenda kufanya nini kule saa hizi? Anaenda kugusa mashine yangu huyu.

Nikamfuata.

Chumba cha seva kina sheria moja, simu haziingii. Zinaachwa kwenye kikapu nje. Sheria hiyo ilikuja baada ya fundi mmoja kuchomeka simu yake kwenye seva ili aichaji, akatuzimia ofisi nzima. Basi nikaweka simu yangu juu ya simu ya wifi, nikagusisha kadi, nikaingia.

"Umefuata nini?" akaniuliza.

"Na wewe umefuata nini?"

"Kuna feni inalia."

"Na mimi nimeisikia."

Sikuwa nimesikia feni yoyote.

Mlango ukajifunga nyuma yangu kama kawaida yake. Halafu kale kataa ka kijani pembeni ya mlango kakazima.

Wifi akapita, akagusisha kadi yake. Kimya. Nikagusisha yangu. Kimya. Kitufe cha kutokea nikakibonyeza mpaka kidole kikauma, kumbe nacho kinapitia mfumo ule ule wa milango. Ufunguo wa dharura upo, uko kwenye droo ya bosi. Tukapiga mlango, tukaita. Ila ndani mle feni zinanguruma, hata ungepiga ngoma mtu wa nje asingegeuka.

Wifi akavuta ile trei yenye kibodi na skrini ndogo, tunayotumia kuongea na seva ukiwa mle ndani. Inaongea na seva tu, mtu huwezi kumtumia hata salamu. Akaandika, akasoma, akakunja uso.

"Mashine ya milango imezimwa."

"Na nani?"

"Kerneli. Memori imekwisha."

"Si uiwashe."

Akaiwasha. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. "Hakuna nafasi ya kuiwashia," akasema. "Hata hiki kipande kidogo inachotaka hakipo."

Nilishaanza kuelewa, na sikupenda nilichokielewa. Mashine mbili kubwa zina ulinzi, haziguswi. Aliyebaki kuzimwa ni mdogo asiye na mtetezi.

Wifi akafungua kumbukumbu za notisi. Akateremka nazo taratibu, midomo ikimcheza.

"Wifi."

"Abee."

"Mashine yako imeombwa nafasi, haijajibu. Imeombwa tena, haijajibu. Imeombwa, haijajibu. Iko hivi toka juzi." Akanigeukia. "Umezima puto."

Ningeweza kukana. Nikafungua mdomo ili nikane. Ila macho yangu yakaangukia mstari wa pili pale kwenye skrini.

"Na hiyo ya mabasi," nikasema, "nayo imeombwa leo asubuhi. Mbona nayo haijajibu?"

Akafunika skrini kwa mkono. Kama mtoto.

"Umezima na wewe," nikasema.

"Nilizima kwa sababu yako," akasema. "Kila siku mashine yako ilikuwa inashuka vizuri, juzi ghafla haishuki tena. Nikasema bosi ameshakuchagua, amekuongezea kimyakimya. Ningefanyaje? Niendelee kuachia mimi peke yangu kama mjinga?"

Tukanuna wote wawili, kila mtu kaegemea kabati lake la mitambo.

Baridi ya viyoyozi vya kupoza seva ikaanza kuingia mifupani. Mimi nilikuwa na sweta. Yeye alivaa kiblauzi chepesi cha kupendezea wageni, na meno yalishaanza kugongana. Sikumpa sweta.

"Washa puto lako," akasema, "tutoke."

"Washa lako."

"Wewe ndiye uliyeanza."

"Na wewe ndiye mdogo."

"Mkubwa ndiye anayetangulia."

"Kwenye kula, siyo kwenye kushindwa."

Kila mmoja alijua hesabu ya mwenzake. Kule chumba cha mikutano wageni wako kazini saa hiyo hiyo. Atakayeachia nafasi kwanza, mfumo wake ukijikwaa mbele ya mteja, kiti ameshampa mwenzake. Na kiti kile mimi nilikitaka kuliko hata kutoka.

"Hivi wifi," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "unakitaka cha nini? Wewe si una kila kitu?"

"Mimi?"

"Kazini wewe ndiye uliyenifundisha. Nyumbani kwako pamenyooka. Kaka yangu amenenepa. Mimi kila nikirudi nyumbani kwa mama ni wimbo mmoja tu: mwige wifi yako. Wifi yako haropoki. Wifi yako ana kazi na nyumba yake inang'aa, wewe hata chumvi hujui kupima."

Nikamwangalia usoni nione kama ananichezea.

"Mama gani huyo?" nikauliza.

"Mama yangu. Nina mama wangapi?"

"Mimi mama yako ananiambia wewe unapika, unafua, na kichwa unacho. Kila Jumapili. Nakunywa maji nimeze chakula."

"Mimi nafua?"

"Ndiyo anavyosema."

"Wifi, nguo zangu anafua mama."

Tukatazamana. Halafu kicheko kikamtoka, cha meno yanayogongana, nami kikanitoka. Tulicheka mpaka nikajishika tumbo. Miaka yote ile yule mama alikuwa anachukua sifa kwa mmoja anakwenda kumuuzia mwenzake, na sisi tunanunua.

Nikavua sweta nikamtupia.

Akalivaa, akaisukuma kibodi mbele yangu. "Bonyeza wewe. Anza na lolote, langu au lako. Mimi nimechoka."

Sasa hapa ungetegemea niseme nimebadilika, nimekuwa malaika. Kucheka nilicheka, lakini wivu siyo homa kwamba ukitoa jasho unapona. Kibodi iko mkononi mwangu. Mwenye mashine ya mabasi ameniruhusu mwenyewe. Kichwa kikaniambia: washa la kwake kwanza. Mlango hauhitaji zaidi ya hapo.

Nikawasha la kwake.

Notisi iliyokuwa inangoja ikaingia, puto likajaa, nafasi ikarudi kwa kerneli. Mashine ya milango ikaamka. Kale kataa kakawaka kijani, mlango ukalia tii.

Wifi akatoka mbio na sweta langu. "Maliza na lako uje," akasema, akaniacha peke yangu.

Kuniacha kule ndiko kulikonishinda. Angesimama kunilinda, ningemwekea kiburi.

Nikaangalia mstari wa mashine yake nione umeteseka kiasi gani. Haukuwa umeteseka. Tiketi zilikuwa zinakimbia vilevile. Nafasi aliyoachia alikuwa ameikalia tu. Nikaangalia na wa kwangu. Hata nusu sikuwa naitumia. Nilikuwa nimekalia nafasi ile kama mtu anayeweka mkoba kwenye kiti cha jirani ili jirani asikae.

Nikawasha na langu. Mfumo wa dawa haukutikisika hata chembe.

Jioni wageni wakaondoka wanatabasamu. Hakuna aliyeona kitu. Bosi akatuita, mbele yake kompyuta imefunguka kwenye kumbukumbu za kerneli.

"Nyote wawili mlizima puto," akasema. "Hilo tutaliongea, na hamtalipenda. Milango ya ofisi yangu imekufa nina wageni ndani."

Tukainamisha vichwa.

"Lakini mifumo yote miwili haikuyumba. Sasa mimi nikitafuta mkuu wa mafundi, natafuta mtu ambaye mambo yakibana anaweza kuachia kabla ya mwenzake." Akageuza skrini tuone. "Mabasi ndiyo yaliyotangulia kujibu. Umeme, kiti ni chako."

Wifi akaruka. "Hapana bosi, aliyebonyeza ni wifi. La kwangu amewasha yeye."

Bosi akatikisa kichwa kwa furaha. "Unaona? Na unyenyekevu anao."

Ndugu msomaji, kidole kilichompa wifi yangu ukuu ni hiki hapa. Nilianza na la kwake ili nimshinde, na kwa kuanza na la kwake nikampa kiti. Ningekuwa na roho safi nikaanza na langu, leo mimi ndiye ningekuwa nasaini ruhusa zake.

Jumapili tukaenda kwa mama. Viatu sijavua.

"Umeona mwenzio?" akaanza. "Mkuu wa mafundi. Na umri ule."

Nikainua macho. Wifi amesimama mlango wa jikoni na mwiko, maana aliyeshinda ndiye apike. Akanifanyia ishara kwa mkono nyuma ya mama yake, kwamba na yeye ameshaimbiwa wimbo wake tangu asubuhi. Baadaye akaninong'oneza alichoambiwa: "Mwige wifi yako, amekuachia ukubwa na hajanuna."

Wali wenyewe alikuwa ameuchoma. Nilikula wote.

Sasa mwenye wivu mwenzangu, sikuambii uache, maana mimi sijaacha. Ninachokwambia ni hiki: kabla hujamnyima mtu kitu, angalia kwanza kama unakitumia. Na anayekuletea sifa za mwenzio, muulize na za kwako amezipeleka wapi.

Jana nilikuwa mezani, ujumbe ukaingia kutoka kwa mkuu wangu wa kazi: "Wifi, mabasi yamezidiwa, naomba nafasi kwenye mashine yako ya dawa."

Nikausoma. Nikaenda kuchukua maji, nikanywa, nikarudi nikakaa, nikausoma tena.

Halafu nikamjibu kwamba achukue.